Maabara yetu inakula umeme kuliko tunavyoelewa: tuanzie wapi kupima?

"Jambo mtaalamu. Mimi ni msimamizi wa jengo la labo moja hapa Lubumbashi. Chini tunachambua madini, hasa shaba na kobalti. Juu kuna mikrobiolojia ya maji na vyakula. Tuna hoti nne za asidi (makabati yenye feni ya kutoa mvuke nje), etuvu tatu za kukaushia sampuli, matanuri mawili, kompresa, mashine ya kutengeneza maji yaliyotoneshwa, viyoyozi tisa, inkubeta tatu na friza moja ya −80. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika tunawasha jenereta ya kVA 60, mchana na hata usiku kwa ajili ya friza na inkubeta. Mazutu (dizeli) yanatumaliza. Nilizunguka na kalamu nikaandika wati za kila mashine kutoka kwenye kibandiko chake, jumla ikawa kW 96. Nikizidisha kwa saa 9 na siku 26 napata zaidi ya kWh 22,000 kwa mwezi, lakini mita inaonyesha kWh 11,300 hivi. Nani mwongo, mimi au mita? Patroni, bosi wetu, amesoma kwamba hoti moja inakula umeme kuliko nyumba tatu, anataka zote zizimwe kila jioni. Wakemia wanakataa. Anataka pia kununua paneli za jua kwa jengo zima. Mfumo wa kupima unaouzwa na kampuni za nje ni ghali mno kwetu. Tuanzie wapi?"

Ndugu yangu, niondoe kwanza hilo la uongo. Wewe hukudanganya, na mita haina sababu ya kukudanganya. Umejibu swali moja, mita imejibu jingine.

Kibandiko cha mashine kinataja kiasi kikubwa kabisa ambacho mashine inaweza kuvuta, ili fundi ajue aweke waya gani na disjonkta (swichi inayokata umeme ukizidi) ya ukubwa gani. Ni kama yale maandishi ya tani 30 ubavuni mwa lori linaloelekea mpakani Kasumbalesa: yanakuambia lori linaweza kubeba nini, hayakuambii leo limebeba nini. Etuvu ya kW 2 iliyowekwa kwenye 105°C huvuta kW 2 zote inapopanda joto. Ikishafika, kidhibiti joto hukata na kurudisha, kukata na kurudisha, na katika saa nzima huenda ikawa imewaka robo au theluthi tu ya muda. Tanuri nalo ni hivyo hivyo. Kiyoyozi asubuhi ya Julai, baridi ya Lubumbashi ikiwa bado imekaa kwenye kuta, kinaweza kumaliza saa nzima bila kompresa yake kushika. Kwa mashine za joto na baridi, basi, hesabu ya vibandiko huupita ukweli kwa mbali. Kwa feni za hoti, zinazozunguka kwa kasi ileile tangu kuwashwa hadi kuzimwa, hesabu hiyo hukaribia zaidi.

Upande wa pili, saa 9 zako zimeacha nje kitu kikubwa. Wiki ina saa 168. Mkifanya kazi saa 9 kwa siku 6, hizo ni saa 54. Saa 114 zilizobaki, zaidi ya theluthi mbili za wiki, jengo halina watu, ila lina friza, inkubeta, kompresa ya hewa, feni iliyosahauliwa na kiyoyozi cha ofisi ambayo mwenyewe alishaondoka. Wewe umezihesabu saa hizo kuwa sifuri. Yaani umeuongeza mchana na kuufuta usiku.

Ndiyo maana ukiniuliza uanzie wapi, nakujibu uanze na usiku. Huhitaji kununua chochote. Jioni ya siku ya kawaida, mtu wa mwisho akishatoka, saa 17:00, soma mita na uandike. Kesho yake saa 8:00, kabla mtu hajawasha hata kompyuta, soma tena. Tuseme tofauti ni kWh 150. Gawanya kwa saa 15: jengo lenu tupu linavuta wastani wa kW 10. Rudia kwa usiku kadhaa, halafu Jumamosi jioni hadi Jumatatu asubuhi. Umeme ukikatika katikati, mwambie mlinzi wa zamu aandike ulikatika saa ngapi na ukarudi saa ngapi, nawe gawanya kwa saa ambazo umeme ulikuwapo tu. Daftari la mlinzi, likiwa na safu hizo mbili, ni chombo cha kupimia kama vingine.

kW 10 ni nyingi? Zidisha kwa saa 114: ni kWh 1,140 kwa wiki, karibu kWh 4,900 kwa mwezi. Katika kWh 11,300 zenu, hiyo ingekuwa zaidi ya asilimia 40, imetumika wakati hakuna sampuli hata moja iliyoguswa. Mfano ni wangu, namba yenu mtaipata wenyewe. Lakini jengo la maabara ambalo matumizi yake ya usiku ni madogo sana ni jambo la nadra, na pesa rahisi kuliko zote zimo humo, kwa sababu kuzima kisichotumika hakumnyimi mkemia yeyote kazi yake.

Hatua inayofuata ni kujua nani anavuta. Hapa mwite fundi umeme aliyesoma, si kijana wa kubadilisha taa, maana tablo, lile kabati la disjonkta, itafunguliwa ikiwa na umeme ndani. Aje na kipimo cha koleo, kile chenye mdomo unaofunguka na kuushika waya bila kuukata. Asimame mbele ya tablo saa 18:00, jengo likiwa tupu, apime saketi moja baada ya nyingine, nawe uandike jina la saketi na ampea zake. Mwangalie jambo moja: mdomo wa koleo ushike waya mmoja tu. Ukishika kebo nzima, umeme unaokwenda na unaorudi hufutana, kipimo kinasoma sifuri, na mtu asiyejua ataandika kwamba saketi imelala. Jambo la pili, ampea peke yake si wati. Kwa etuvu, ampea mara volti hutosha. Kwa mota na viyoyozi lazima uzidishe tena kwa kile mafundi wanachokiita kosini fai, yaani sehemu ya umeme huo inayofanya kazi kweli, mara nyingi kati ya 0.7 na 0.9, na kwa mota inayozunguka bila mzigo huwa chini zaidi. Vipimo vya koleo vinavyosoma kW moja kwa moja vipo. Kama fundi wako anacho, kitumie hicho.

Mtakachokikuta sikijui, ila najua ningetazama wapi kwanza. Kompresa. Simama karibu nayo usiku, mabomba yote ya hewa yakiwa yamefungwa na hakuna anayetumia, ukiwa na saa mkononi. Ikiwaka dakika 2, ikapumzika dakika 6, ikawaka tena dakika 2, basi robo ya nguvu yake inajaza hewa inayotoka kwenye matundu. Kwenye mifumo isiyotunzwa, kuvuja kwa asilimia 20 hadi 30 ni jambo la kawaida. Maji ya sabuni na brashi kwenye kila kiungo yatakuonyesha mapovu yanapotokea. Na kama hakuna kifaa kinachohitaji hewa usiku, kompresa izimwe jioni.

Halafu hiyo mashine ya kutonesha maji. Hii watu huisamehe kwa sababu iko kimya pembeni. Kuchemsha lita moja ya maji hadi yote yawe mvuke kunahitaji karibu kWh 0.7; hiyo ni fizikia, hakuna fundi atakayeipunguza. Mashine ya lita 4 kwa saa huvuta karibu kW 3 muda wote inapofanya kazi, na juu ya hapo inamwaga lita nyingi za maji ya kupozea kwa kila lita moja inayotoa. Wengi huiwasha jioni ili wakute dumu limejaa asubuhi, ikaendelea usiku kucha hata dumu lilipokwisha kujaa. Jiulize maji mengi kiasi hicho yanatumika wapi. Kama nusu yake ni ya kusuuzia vyombo, chujio la osmosi kinyume, linalosukuma maji kupitia utando mwembamba, pamoja na resini ya kunasa chumvi hutoa maji ya kufaa kwa sehemu ndogo sana ya umeme huo. Maji ya uchambuzi wenyewe yana kiwango chake, na mwamuzi ni mkemia wenu mkuu na kipimo chake cha upitishaji umeme, si mimi wala patroni.

Matanuri yana mabishano yake. Kuna wanaoliacha tanuri kwenye joto kamili usiku kucha ili asubuhi wasisubiri. Kuna wanaolizima kabisa kila jioni, na matofali ya ndani yanapasuka mapema kwa kupanda na kushuka joto kila siku. Mimi hupendelea njia ya kati: lishushwe jioni hadi joto la kusubiri, tuseme 400°C, na saa ya kujiwasha ilipandishe saa mbili kabla ya kazi. Ila kwa wikendi nzima lizimwe. Kama tanuri lenu halina saa ya kujiwasha, fundi anaweza kuiongeza, lakini asome kwanza mtengenezaji anasema nini.

Etuvu zinazokausha sampuli usiku zinafanya kazi halali, usiziguse. Uliza tu kama sampuli zilizogawanywa katika etuvu tatu haziwezi kuingia katika mbili.

Friza ya −80 haizimwi, kila mtu anajua, ila inasaidiwa. Friza za zamani za aina hiyo hula kWh 16 hadi 25 kwa siku. Kupandisha kutoka −80 hadi −70 hupunguza matumizi kwa karibu asilimia 30, na bakteria wengi wa akiba hawaoni tofauti. Mwenye bakteria hao ndiye aamue. Kabla ya hapo, vua kichujio cha nyuma. Kwa vumbi jekundu la kiangazi cha Katanga, kichujio ambacho hakijaoshwa tangu Mei huwa kama blanketi, na mota inahangaika mchana na usiku bila kufikia joto iliyoambiwa.

Sasa tuje kwenye hoti, maana hapo ndipo ugomvi wenu ulipo. Alichosoma patroni ni kweli kwa mahali kilipoandikwa. Hesabu hizo ni za Marekani, za majengo yaliyofungwa kila upande, ambamo kila mita ya ujazo ya hewa inayotolewa nje na hoti lazima ibadilishwe na hewa nyingine iliyopashwa joto wakati wa theluji, au iliyopozwa na kukaushwa wakati wa kiangazi. Gharama kubwa iko kwenye hiyo hewa, si kwenye feni. Lubumbashi hatupashi joto hewa ya majengo.

Tufanye hesabu ya hapa. Hoti yenye uwazi wa upana wa mita 1.5, kioo kikiwa kimeinuliwa sentimita 50, ina uwazi wa mita za mraba 0.75. Hewa ikiingia kwa kasi ya mita 0.5 kwa sekunde, inatoa mita za ujazo 1,350 kila saa. Feni inayofanya kazi hiyo kwenye mabomba ya kawaida inahitaji karibu wati 400. Kama chumba kina madirisha wazi na hakina kiyoyozi, hadithi imeishia hapo. Kama kina viyoyozi, na ni alasiri ya Oktoba, nje 32°C na ndani mnataka 24°C, kila hoti inavuta ndani joto la karibu kW 3, na viyoyozi vitatumia karibu kW 1 ya umeme kulifukuza. Mwezi wa sita gharama hiyo ya pili inatoweka. Hoti nne zikiachwa saa zote 114 za jengo tupu, feni zake peke yake zinakula kWh 180 hivi kwa wiki, au mara mbili ya hapo kama mota ni kubwa kupita kiasi. Ni pesa, sikatai. Lakini kabla ya kupigana na wakemia, tazameni kompresa na maji.

Na wakemia wana sababu. Waulize maswali mawili. La kwanza: ndani ya hoti kuna kitu kinachobaki usiku? Kama kuna chupa za asidi, taka zinazosubiri, au bika zinazopoa, hoti hiyo haizimwi. Dawa yake si kuacha feni ikizunguka miaka yote. Ni kuwa na kabati dogo la asidi lenye bomba lake na feni ndogo, hoti zibaki tupu jioni. La pili ni zito zaidi: mnayeyusha madini kwa mchanganyiko wa asidi nne? Kama miongoni mwake imo asidi ya perkloriki, mvuke wake huganda ndani ya bomba na kuacha chumvi zinazoweza kulipuka kwa kugongwa au kutobolewa tu. Hoti ya kazi hiyo lazima iwe ya aina yake, yenye kuosha bomba kwa maji baada ya kazi, na feni yake haizimwi kabla ya kuosha kwisha. Kama mnatumia perkloriki kwenye hoti ya kawaida, sahau habari ya umeme kwa sasa. Simamisheni kazi hiyo, na fundi yeyote asipande juu ya dari na nyundo au drili mpaka mtu anayejua amefika.

Kuna imani nyingine nataka kuirekebisha, kwa sababu itawaletea matumaini ya bure. Watu husema shusha kioo cha hoti, utaokoa umeme. Inategemea hoti. Zile zenye feni ya kasi moja, na nyingi za hapa ni hizo, hutoa hewa kiasi kilekile kioo kikiwa juu au chini. Kioo kikishuka, hewa hupitia tu tundu jingine la hoti. Kushusha kioo hapo kunalinda uso wa mkemia, nako kufanyike kila siku, ila mita haitasogea. Umeme unaokolewa pale tu feni inapojua kupunguza mwendo kioo kinaposhuka.

Penye nafasi ya kweli ni kasi ya hewa yenyewe. Mpimaji akija na anemometa, kipima kasi ya hewa, akakuta hewa inaingia kwa mita 0.7 au zaidi kwa sekunde, wengi watafurahi wakidhani ni usalama wa ziada. Si hivyo. Hewa ikiingia kwa nguvu mno huvurugika kuuzunguka mwili wa mtu aliyesimama mbele, na kuuvuta mvuke kuelekea puani kwake. Kati ya 0.4 na 0.5 ndipo maabara nyingi hufanya kazi. Nguvu inayohitajika na feni hufuata kasi yake mara tatu ya kujizidisha: ukiipunguza hadi asilimia 80, inabaki na mahitaji ya karibu nusu, maana 0.8 mara 0.8 mara 0.8 ni 0.51. Kubadilisha puli, au kufunga kidhibiti mwendo wa mota, hulipa haraka kuliko paneli yoyote. Kila hoti ipimwe tena baada ya hapo, na karatasi ya vipimo ibandikwe ubavuni. Mkikuta mlango wa chumba unajivuta wenyewe kwa nguvu mnapoufungua, jueni hoti zinatafuta hewa na hazipati: fungueni njia ya hewa kuingia kwanza, la sivyo vipimo vyote ni vya uongo.

Kuhusu mita. Mfumo wa bei kubwa hamuuhitaji mwaka huu. Mnahitaji mita ndogo za kufunga ndani ya tablo, zenye pete za kuzunguka waya, nne au tano: moja ya jengo zima, moja ya feni, moja ya viyoyozi, moja ya ghorofa ya chini, moja ya juu. Ile ya jengo zima ndiyo hukosewa sana. Ifungwe baada ya swichi ya kubadilisha chanzo, upande wa jengo, ili ione umeme wa SNEL na wa jenereta pia. Mita ya SNEL uliyosoma haijawahi kuona hata kWh moja iliyotoka kwenye mazutu yenu, kwa hiyo zile 11,300 si matumizi yenu yote. Fundi akimaliza kufunga, msimwache aondoke kabla ya jaribio la dakika mbili: washa etuvu baridi ya kW 2 na utazame namba. Ikipanda kwa 2, sawa. Ikishuka, pete moja imegeuzwa. Ikipanda kwa kiasi cha ajabu, pete imewekwa kwenye fazi isiyo yake. Nimeona majengo yenye mita nzuri ambazo hakuna aliyewahi kuzijaribu hivyo, na ripoti zake ni mapambo.

Kama voltiji yenu inashuka jioni, liandike nalo. Kwenye volti 190 badala ya 230, etuvu ya kW 2 inatoa kW 1.4 tu. Inachukua muda mrefu zaidi kupanda joto bila kuokoa kitu, na mota za feni na viyoyozi hupata moto zaidi.

Mazutu yawe na daftari lake: lita zilizoingia, saa za jenereta, na kWh ilizotoa. Jenereta ya kVA 60 ikibeba mzigo wake vizuri hutumia karibu lita 0.3 kwa kWh. Usiku, ikibeba friza na inkubeta tu, tuseme kW 3, bado inakunywa lita 3 hivi kwa saa kwa kujizungusha yenyewe. Hapo kila kWh imekula lita nzima, zaidi ya mara tatu ya bei ya mchana. Na mashine inaumia: ikifanya kazi muda mrefu chini ya asilimia 30 ya uwezo wake, mazutu hayaungui yote, masizi na mafuta hujaa kwenye bomba la moshi. Umeme wa gridi ya hapa ni wa maji, kutoka Nzilo na Nseke kwenye Lualaba, Mwadingusha na Koni kwenye Lufira, na Inga kupitia ule waya wa kilomita 1,700 uliofika Kolwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa hiyo moshi wenu wote, na sehemu kubwa ya gharama yenu, uko kwenye jenereta. kWh moja ya jenereta na kWh moja ya SNEL zisijumlishwe kamwe katika safu moja ya ripoti.

Hapa ndipo wazo la patroni la jua lina akili, ila kwa ukubwa mwingine. Jengo zima, kWh 2,600 kwa wiki, ni kWh 370 kwa siku. kWp 1 ya paneli (kilowati 1 jua likiwa kali) hapa hutoa wastani wa kWh 4 hadi 5 kwa siku, kwa hiyo mngehitaji kati ya kWp 75 na 90 hivi, bado hamjanunua betri, na umeme mwingi ungekwenda kuchemsha maji na kupasha matanuri. Mzigo wa lazima wa usiku, kW 3 kwa saa 8 za kukatika, ni kWh 24. Huo unabebwa na betri za ukubwa unaofikirika na paneli za kWp 8 hivi, na jenereta ya kVA 60 inalala usiku. Lakini kWh 24 hizo zimetoka kwenye mfano wangu. Zenu zitatoka kwenye tablo, baada ya kuondoa matumizi ya usiku yasiyo ya lazima. Mkinunua kabla ya kupima mtanunua betri za kulisha matundu ya kompresa.

Taa badilisheni za LED kadiri zinavyoungua, hazistahili mkutano.

Mkishaanza, kila Jumatatu andika vitu viwili: kWh za wiki iliyopita na idadi ya sampuli. Baada ya wiki kumi na mbili, weka nukta ya kila wiki kwenye karatasi ya mraba, sampuli chini na kWh kando. Tuseme wiki ya sampuli 600 imekula kWh 2,600, na ya sampuli 300 imekula 2,300. Sampuli zimepungua nusu, umeme umepungua kidogo tu. Vuta mstari hadi sampuli sifuri: unakuta kWh 2,000. Hiyo ndiyo kodi ambayo jengo linadai kila wiki kwa kusimama tu, na ndiyo ya kushambulia. Kumsukuma fundi wa maabara atumie etuvu kwa uangalifu hakutaigusa. Linganisha Oktoba na Oktoba, Julai na Julai. Ukilinganisha Oktoba na Julai utajisifu kwa kazi iliyofanywa na baridi.

Kama mna ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara, au mnaitafuta, kila badiliko la joto, hewa au saa za mashine lipitie kwa msimamizi wa ubora na liandikwe. Chumba cha mizani kibaki na kiyoyozi chake. Inkubeta haiguswi kabla ya jaribio kwisha.

Kazi ya kalamu na mita mnaiweza wenyewe. Mwiteni mtu afike kama disjonkta yoyote ni ya moto mkononi au tablo inanuka plastiki iliyoungua, na hapo msingoje Jumatatu. Mwiteni pia kama hewa ya hoti iko chini ya mita 0.3 kwa sekunde, kama kuna perkloriki, na kabla ya mtu yeyote kugusa mabomba ya hewa ya hoti. Kwa ukubwa wa betri na paneli, tafuteni mhandisi asiyeuza paneli. Na kwa kupima kwenyewe, ulizeni Kitivo cha Politekniki cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanatafuta jengo la kufanyia kazi yao, nanyi mna jengo, mna tatizo, na mna mlinzi ambaye daftari lake litakuwa limeanza kujaa.